TSH (kipimo cha thairoidi) ikigoma kushuka, kabla hujaongezewa dozi angalia kikombe chako cha chai

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, na dawa ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, naimeza mwaka wa nne sasa. Naandika kwa sababu mwezi huu wateja wangu wawili wamenionyesha majibu yao ya damu na wote wanataka kufanya kosa lile lile nililofanya mimi, kukimbilia dozi kwa kuangalia namba tu bila kujua inasema nini wala unameza na nini.

Kwangu ilianza na baridi. Sio baridi ya mwezi wa saba ambayo hapa kila mtu anavaa sweta, hapana, ilikuwa mwezi wa pili, jua la kuunguza bati, na mi nimejifunga kitenge miguu iko kwenye soksi. Uso umevimba asubuhi, choo kigumu, hedhi haikatiki, nywele zinabaki kwenye kitana. Kituo cha kwanza wakasema damu iko chini, na kweli ilikuwa chini, wakanipa vidonge vya kuongeza damu bas. Imepita miezi mitano ndo daktari mwingine akaniangalia usoni akasema mama, hebu tupime thairoidi.

TSH ikaja 38 wakati kawaida kwenye ile karatasi ilikuwa 0.4 hadi 4.0, na T4, homoni yenyewe inayotengenezwa na tezi ya shingoni, ikaja 6 wakati ilitakiwa kuanzia 12.

Sasa hapa ndo watu wengi wanageuza. TSH haitoki shingoni, inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo na kazi yake ni kuiita tezi ya shingoni ifanye kazi. Ni kama mama anaita mtoto aliyeko nje, mtoto akiitika mara ya kwanza mama ananyamaza, asipoitika sauti inapanda mpaka majirani wanasikia. Kwa hiyo TSH ikiwa juu ujue shingo haiitiki, homoni ni chache, na ikiwa chini sana wakati unameza dawa ujue homoni zimezidi. Mteja wangu mmoja kaona TSH 11 akasema dawa imemzidi anataka kupunguza, nikamwambia dada, ni kinyume kabisa. Na kama TSH imepanda kidogo tu ila T4 iko sawa na hujawahi kutumia dawa, sio lazima uanzishiwe siku hiyo hiyo, mara nyingi daktari anakurudisha upime tena baada ya miezi miwili mitatu.

Mi nilianzishiwa levothairoksini, dawa ya kujazia hiyo homoni, maikrogramu 50. Baada ya wiki mbili nikaenda kupima kwa hela yangu, TSH 31, nikalia, nikaona dawa haifanyi kazi. Kumbe hii dawa inakaa mwilini muda mrefu, kila wiki moja ndo inapungua nusu, kwa hiyo dozi ukiibadilisha leo damu inatulia baada ya kama wiki sita hivi. Ndo maana wanasema urudi baada ya wiki sita hadi nane, ukipima kabla ya hapo unalipia namba ambayo bado inatembea.

Ila hata wiki nane zilipofika TSH ilikuwa 19. Nikapandishwa 75, ikawa 14. Nikapandishwa 100, ikawa 12. Nikapandishwa 125 na bado haikukaa sawa, ndipo yule daktari akaacha kuandika akaniuliza, mama unaimeza na nini? Nikamwambia na chai ya maziwa asubuhi, pamoja na vidonge vya damu ili nisisahau. Akaweka kalamu chini. Madini ya chuma yanaing'ang'ania hii dawa tumboni isiingie kwenye damu, na maziwa na kalsiamu hivyo hivyo, hata kahawa yetu inaipunguza. Inatakiwa maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na vidonge vya chuma au kalsiamu vikae mbali masaa manne.

Nikarekebisha. Vidonge vya damu nikahamishia usiku, dozi ikabaki 125. Na hapa jamani muwe makini, maana sasa dawa yote ikawa inaingia. Wiki ya tano usiku nasikia moyo unagonga kwenye mto, mchana uzi hauingii kwenye tundu la sindano mkono unatetemeka, nikaacha gauni la sendoff la watu mezani nikaenda hospitali. TSH 0.05. Ukikaa hivyo muda mrefu moyo unaanza kwenda ovyo na mifupa inaliwa. Tukashuka 100, na ukipiga hesabu ya maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, mi nina kilo 62, inaangukia hapo hapo. (Wazee na wenye matatizo ya moyo wanaanza chini kabisa, 12.5 au 25, msiige yangu.) Sasa TSH yangu ni 1.9.

T4 angalia na vipimo vyake. Maabara moja iliniandikia 15, nyingine 1.2, nikadhani imeporomoka kumbe ni kitu kile kile, moja wanahesabu kwa pikomoli nyingine kwa nanogramu. Mi napima sehemu moja tu, asubuhi, kabla sijameza kidonge cha siku hiyo.

Na dada zangu mkiona hedhi imepita mkajikuta wajawazito msisubiri kliniki ya mwezi wa nne, nendeni wiki hiyo hiyo kwa sababu dozi inahitaji kupanda mapema, mtoto mwanzoni anategemea homoni za mama.

Yule mteja wa pili majibu yake yanaonyesha dawa imezidi lakini bado analala mchana kutwa na anasikia baridi. Nikamuuliza unatumia nini kingine, akatoa kwenye mkoba kopo la vidonge vya nywele na kucha, vina biotini nyingi (ni aina ya vitamini), na hiyo inaweza kuidanganya mashine ikaonyesha TSH imeshuka wakati haijashuka. Nimemwambia asiguse dozi, Jumatatu aende na kila anachomeza kwenye mfuko mmoja, na hilo kopo alitangulize mezani kwa daktari.