Siku niliyochana daftari la faini

Niliongoza karakana ya malori Dar es Salaam kwa miaka sita. Mitatu ya mwanzo niliiongoza kwa amri: hakuna aliyeshika spana kabla sijasema nani afanye nini, na kwenye droo nilikuwa na daftari la faini. Kuchelewa, kupoteza kifaa, kuharibu spea, vyote vilikatwa kwenye mshahara. Ndivyo nilivyosimamiwa mimi, nikaamini ndiyo kazi yenyewe.

Kisha lori moja likarudi kutoka Chalinze limevutwa. Tairi la nyuma lilikuwa linacheza. Tulipolifungua tukakuta bolti moja imeisha meno, na nati yake imeshikizwa kwa kipande cha bati. Nikamwita kijana aliyelifunga. Alikuja na grisi mikononi, macho chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Bosi, ningesema ungenikata."

Sikuwa na jibu. Bolti ile bei yake haifiki hata sahani ya wali. Dereva na utingo wake wangeweza kufa kwa sababu ya daftari langu.

Nililichana mbele ya mafundi wote. Usidhani walinishangilia. Wiki mbili nzima hakuna aliyeniletea kosa hata moja, na nakuonya mapema: ukimya huo utakutana nao. Watu uliowatisha kwa miaka hawakuamini kwa tangazo la asubuhi moja, wanasubiri kosa la kwanza waone utafanya nini. Langu lilikuja wiki ya tatu, fundi kapasua kioo cha mbele. Nilimshukuru kwa kusema, tukaenda wote kukiangalia. Karakana nzima ilikuwa imenyamaza inatusikiliza. Kuanzia siku hiyo habari mbaya zilianza kunifikia zikiwa bado ndogo.

Kuna kisa kinachonipa moyo kila nikisikia meneja analalamika kwamba "watu wangu ndio wabovu". Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California, kilichosifika kwa migogoro na utoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani. Safari hii kila mfanyakazi alikuwa na kamba ya kuvuta akiona kasoro. Kiongozi wa timu anakuja kusaidia, na tatizo lisipoisha, kazi inasimama. Ubora wa magari ulipanda haraka. Wafanyakazi ni wale wale!

Kuwajali watu si kulegeza kazi. Kwetu hakuna lori lililotoka bila breki kukaguliwa na mafundi wawili, na sheria hiyo waliitunga wao wenyewe. Waliisimamia kwa ukali kuliko nilivyowahi kusimamia yoyote ya kwangu.

Kama hujui uanzie wapi, kesho kabla ya kugawa kazi waulize watu wako nini kinawakwamisha, na walichokitaja kishughulikie siku hiyo hiyo. Nilipouliza mimi, fundi mkubwa kuliko wote alisema taa ya shimo la ukaguzi iliungua miezi minne iliyopita. Muda wote huo walikuwa wanakagua breki kwa tochi za simu zao.