Usiku 3 Jungfrau bila gari: Interlaken au Wengen?

Ukienda milima ya Jungfrau, Uswisi, mwezi Julai bila gari, lala Wengen, kijiji cha mlimani. Mji wa Interlaken una vyumba vingi, lakini uko chini kabisa, mita 570 hivi juu ya bahari, na kila asubuhi utakula kama dakika 45 za treni kabla hujaufikia mlima. Kwa siku 3 huo ni muda mwingi mno kuupoteza. Wengen iko mita 1,274, magari hayafiki, na inapita hapo hapo treni ya kwenda Kleine Scheidegg, unakobadilisha kupanda Jungfraujoch, stesheni ya juu kabisa mlimani.

Mürren, kijiji kingine cha mlimani, ni nzuri na tulivu zaidi, ila ukitaka Jungfraujoch lazima kwanza ushuke hadi Lauterbrunnen, kijiji cha bondeni.

Wengi hukosea kwenye stesheni ya Interlaken Ost. Treni huondoka ikiwa moja, kisha hukatwa vipande viwili kwenye stesheni ya Zweilütschinen: kimoja kinakwenda Lauterbrunnen, kingine Grindelwald. Soma kibao cha behewa lenyewe, usifuate umati. Lauterbrunnen unabadilisha treni, kupanda Wengen ni chini ya robo saa. Ukitua Zurich jioni, angalia kwanza saa ya treni ya mwisho, maana hakuna teksi itakayokupandisha.

Kabla ya kulipia chumba, tazama kwenye ramani kiko juu au chini ya stesheni. Mita 400 za mteremko mkali na sanduku la kilo 20 si mchezo, kwa hiyo uliza kama hoteli inakuja kuchukua mizigo.

Safari ikisogea hadi Novemba, chagua Lauterbrunnen huko bondeni: wakati huo magari mengi ya nyaya ya kupanda milimani hufungwa kwa matengenezo.