Ukitaka kuichambua Rotokas, achana kwanza na idadi ya herufi

Nikifundisha fonolojia, yaani jinsi lugha inavyozipanga sauti zake, hakosi mwanafunzi wa kuniletea Rotokas, na sababu ni ileile: alfabeti yake ina herufi 12 tu. Lugha yenyewe inazungumzwa kisiwani Bougainville, Papua Guinea Mpya, na hiyo 12 imeiponza. Watu wakishaitaja wanadhani wamemaliza.

Chora jedwali. Lahaja ya Kati ina konsonanti sita: p, t, k, halafu v, r, g. Hutamkiwa kwenye midomo, ufizi na kaakaa laini. Kila mahali sauti moja sighuna (nyuzi za sauti hazitetemi) na moja ghuna (zinatetema). Ukishapanga hivyo, utaona safu ambayo haipo: nazali, yaani sauti za kupitisha hewa puani. Hakuna m, n wala ng' inayotenganisha maana, kwa hiyo tofauti kama ya "baba" na "mama" kule haina pa kusimama. Nazali husikika kwa nadra, na mojawapo ya nafasi hizo ni pale mwenyeji anapomwigiza mgeni anayeiboronga lugha yao. (Hapo darasa zima hucheka.)

Kazi yenyewe iko kwenye zile ghuna, maana hazitulii. Hiyo r inaweza kutamkwa kama l, n au hata d, na sikio letu litagoma, kwa sababu kwetu "kula" si "kura". Ninachowashauri ni kuandika kila sauti ya kwenye rekodi kama ilivyosikika, kisha ndipo waulize: nikiibadilisha hii kwa ile, neno linakuwa jingine? Anayeandika r tangu mwanzo kwa kuwa kitabu kimesema ni r hajachambua, amenakili.

Herufi s isikusumbue. Ni t iliyokutana na i, jambo tunalolijua: fuata, mfuasi. Usiihesabu kama fonimu, yaani sauti inayotenganisha maana, ya peke yake. Irabu ni zilezile zetu tano, ila urefu wake hubadilisha maana, na hapo anayehesabu herufi hupitwa.

Halafu kuna Aita, lahaja nyingine ya lugha hiyohiyo. Yenyewe inatenganisha nazali na ghuna, na konsonanti zake ni tisa. Kwa hiyo andika jina la lahaja kwenye kichwa cha kazi yako. Nikikuta "Rotokas ina fonimu 11" bila kuambiwa ni ya wapi, alama nakata.