Kanisa la Kahe: pesa ya kwanza iende kwenye msingi

Mwinjilisti, Bwana asifiwe. Umeuliza uanze na kuta au bati. Kwa Kahe, tambarare ya mafuriko huko Kilimanjaro, bado kabisa: anza na msingi. Waulize wazee maji ya mafuriko hufika wapi. Alama ya tope kwenye ukuta wa jirani haidanganyi. Sakafu ipande nusu mita juu ya alama hiyo. Zege la mkanda, yaani boriti inayozunguka juu ya msingi, liwe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo za milimita 12. Mafundi hupenda kuzidisha maji ili limwagike kirahisi, kisha linakosa nguvu. Simama hapo hapo uwasimamie. Zege likishika, limwagilie maji siku saba. Paa la mita za mraba 100 huvuna karibu lita 100 kwa kila milimita ya mvua, basi gata (mifereji ya paa) na tenki visisubiri. Kiwanja kiandikwe kwa jina la wadhamini wa kanisa, si jina lako.