Ghorofa ya pili ingoje kwanza

Swali lenu la wiki hii, eti mtu akistaafu huku ughaibuni akiba yake amalizie nyumba kule nyumbani au atembee kwanza, nimelisoma nikacheka peke yangu jikoni, maana huo ndo ugomvi tulioupiga ndani ya nyumba yetu mwaka tuliotimiza miaka 40 ya ndoa. Jibu langu: tulitembea. Nyumba ipo Taveta, Kenya, pale mpakani na Tanzania, chini inakalika vizuri tu, ghorofa ya pili haina paa, nondo zimesimama juu kama vidole vya mtu anayeomba msaada. Hela ya mbao na mabati ndo tulikodia RV.

Kwa asiyejua, RV ni lile gari kama basi dogo, humo humo kitanda, jiko, friji na choo. Wazee wa huku Marekani wakistaafu hiyo ndo starehe yao, baridi ikianza kule kaskazini wanashuka jangwani makundi kwa makundi. Sisi tunakaa Houston, mimi nilikuwa nesi wa zamu ya usiku, mzee wangu, yani mume wangu, aliendesha malori, kwaiyo wazo lilikuwa langu na usukani wake. Watoto walituona tumechanganyikiwa. Kitinda mimba akaniuliza, mama, jangwani mnafuata nini, tena huko mpakani na Mexico kila siku kuna habari mbaya? Nikamwambia mimi nimezaliwa mpakani, nataka nione wa kwao ukoje.

Tuliondoka Februari maana kiangazi jangwa lile halina utani. Gari lenyewe futi 25, linakunywa petroli kama lina ugomvi na sisi, galoni moja maili 9 na hapo upepo uwe upande wako. Na choo. Jamani hakuna anayekuambia habari za choo! Kila siku tatu nne unatafuta sehemu ya kumwaga, unaunganisha bomba, unafungua koki, unaomba Mungu. Siku ya kwanza mzee hakukaza bomba vizuri, mengine sitasema, nimefanya unesi miaka 27 lakini siku ile nilisimama mbali.

Texas peke yake ilitula siku tatu mpaka tukafika Big Bend, hifadhi kubwa kule mto Rio Grande unapopiga kona, na huo mto ndo mpaka wenyewe. Kule milimani kwenye bonde la Chisos tulishindwa kupanda, barabara ina kona kali, wanashauri gari kama hilo lisizidi futi 24, yani futi moja tu, mzee akataka kujaribu nikamwambia wewe jaribu mimi nashuka hapa. Basi tukateremka kambi ya chini, Rio Grande Village, karibu kabisa na mto, na hapo ndo nilipopata nilichokifuata.

Ng'ambo kuna kijiji cha Mexico kinaitwa Boquillas. Hakuna daraja. Kuna kajengo upande wa Marekani, mlinzi wa hifadhi anakupa maelezo, unateremka ukingoni, jamaa anakuja na mashua ya makasia, sisi tulilipa dola tano kwenda na kurudi, hata hujakaa vizuri umeshafika nchi nyingine. Ule mto msimu ule ungekunja suruali ungevuka! Ukishuka unakodi punda au unatembea mpaka kijijini kama maili moja hivi. Mzee akakataa punda, akasema kwao Himo, upande wa Tanzania, punda anabeba mzigo, na yeye bado hajawa mzigo. Tukatembea.

Tukala nyama ya mbuzi imefungwa kwenye vichapati vya mahindi, jina lake kwa Kihispania sitaliandika hapa, mkilisoma kwa Kiswahili mtanielewa vibaya. Mama mmoja mzee alikuwa anauza vitambaa vya kudarizi na nge wa waya na shanga. Mzee ana Kihispania cha yadi ya malori, kinavunjika vunjika ila kinafika, ndo akawa anatafsiri. Yule mama akatuambia pale pamewahi kufungwa. Zamani watu walikuwa wanavuka tu, wa huku wananunua vitu dukani kule, wa kule wanakuja kula huku, hakuna anayeuliza. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Wamarekani wakafunga, 2002 hiyo, na hawakufungua mpaka 2013. Miaka 11. Kijiji kiliishi kwa wageni, wageni hawapo, mji wa maana upande wao ni safari ya masaa kadhaa jangwani, watu wakahama mmoja mmoja.

Mimi hapo nikaacha kula.

Maana mnajua 1977. Wazee wenzangu mnajua, vijana waulizeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, Taveta na Himo ambako ni kama pua na mdomo pakawa nchi mbili kweli kweli. Dada yangu alikuwa kaolewa Himo. Baba yetu alifariki 1979, dada akaja usiku kwa njia za panya, akapita kwenye mashamba ya mkonge na mtoto mgongoni, akamlilia baba kwa sauti ya chini chini ili asisikike, alfajiri akarudi. Hakuwepo kaburini. Na wakati huo vijana wanavusha magendo, kule Tanzania sabuni hakuna, mafuta ya kupikia hakuna, na mimi mzee wangu nilimpatia humo humo kwenye mambo ya sabuni ila hiyo hadithi kaniomba nisiiandike. Mpaka ulifunguliwa 1983, mwaka uliofuata tukafunga ndoa. Yule aliyechora hiyo mistari 1886, Mwingereza na Mjerumani, walisema mpaka upite katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, basi mimi na mume wangu ndo pande mbili za huo mstari, tunalala kitanda kimoja cha RV futi nne upana.

Nikamwambia mzee muulize, mlipofungiwa mlifanyaje? Yule mama akacheka, akaokota nge wa waya mmoja. Kumbe walikuwa wanavuka mto kimya kimya, wanapanga vile vitu juu ya mawe upande wa Marekani na kikopo cha hela pembeni, wanarudi kwao, wanakaa kwenye mti wanaangalia kwa mbali nani ananunua. Wenye hifadhi wanakataza, ukikutwa umenunua wanachukua. Magendo ya nge! Mzee alicheka mpaka akashika ubavu, akasema hawa ni ndugu zetu hawa. Nikanunua nge wanne, bei sikupunguza.

Kurudi ndo kituko. Unaingia kwenye kile kijengo hamna askari wa uhamiaji, unaweka pasipoti kwenye mashine, unanyanyua simu, ofisa yuko El Paso huko, anakuona kwa kamera, anakuuliza umenunua nini. Nikasema nge. Kimya kidogo. Nge wa waya, nikaongeza haraka haraka.

Afu mjue ukitoka hifadhini kuelekea kaskazini, umeshauacha mto mbali, kuna kizuizi tena, askari na mbwa, unaulizwa kama ni raia hata kama hukuvuka popote. Mzee aliogopa akatoa pasipoti, leseni, mpaka kadi ya bima ya matibabu. Mbwa akakaa mlango wa nyuma kidogo zaidi ya nilivyopenda, nadhani ni dagaa zangu. Tukaruhusiwa.

Tukaingia jimbo la New Mexico, White Sands ni pazuri, mchanga mweupe pee wa jasi, hauchomi miguu hata jua likiwaka, tulikaa nusu siku tu. Arizona ndo tulikokaa. Ile barabara ya 86 kutoka Tucson kwenda magharibi inapita kwenye ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa lile, na Marekani ilipoinunua ile sehemu kutoka Mexico, mkataba wa 1853, dola milioni 10, mstari ukapita katikati yao, ndugu wengine wakabaki kusini. Hawakuulizwa. Mimi sikushangaa, ila nilinyamaza njia nzima mpaka mzee akauliza kama naumwa. Mwisho wa barabara hiyo kuna mji unaitwa Why, yani Kwa Nini, wanasema sababu njia zilikutana kama herufi Y. Nilipiga picha kibao chake nikamtumia kitinda mimba, si aliuliza tunafuata nini.

Karibu na Yuma tuliegesha tukavuka kwa miguu mpaka Los Algodones, mji mdogo wa Mexico umejaa madaktari wa meno, foleni yote ni wazee wenzetu wenye kofia. Mzee kaweka jino kwa bei ambayo Houston ungelipia kufunguliwa mdomo tu.

Tukamalizia Quartzsite, jangwa tupu, ma-RV maelfu, tulilipa dola 40 wiki mbili, maji na umeme wa kuunganisha kwenye gari hakuna ujitegemee na sola yako. Kwenye makaburi ya pale kuna piramidi ya mawe na ngamia juu. Nikasogea kusoma: Hi Jolly, alikufa 1902. Kumbe ni Haji Ali! Jina kama la jirani yetu wa Taveta kabisa, jeshi la Marekani lilimleta 1856 aendeshe ngamia wa kubebea mizigo jangwani, wakashindwa kulitamka wakamgeuza Hai Joli. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, mradi ukafa, ngamia wengine wakauzwa wengine wakaachwa wakazurura, yeye akabaki huko huko. Nilimsomea Fatiha, mzee ni Mlutheri ila alivua kofia.

Kwaiyo mhariri, jibu ndo hilo. Fundi kapiga simu juzi, anasema nondo za juu zimeanza kushika kutu. Mzee kamwambia azipake rangi.