Babu Alitoka Ayalandi, Tuanzie Wapi?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mwayalandi aliyefika Kongwa mwaka 1947 kufanya kazi katika mradi wa karanga, akiwa na umri wa karibu miaka 40, akaondoka mradi ulipovunjwa. Tunalo jina lake na la kaunti yake, Mayo. Ndugu zetu wametawanyika Mpwapwa na Singida. Tuanzie wapi?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba. Anzeni kwa wazee walio hai, kwa kuwa barua moja iliyotunzwa sandukuni inaweza kuwa na jina la kijiji, nalo lina thamani kuliko la kaunti, maana majina ya ukoo ya Ayalandi hujirudia mno. Kisha someni sensa ya mwaka 1911, inayopatikana bure katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi. Huenda babu yenu, mtoto mdogo wakati huo, ameandikwa humo pamoja na wazazi na ndugu zake. Sensa nyingi za karne ya 19 ziliangamia, baadhi katika moto wa Dublin mwaka 1922, lakini serikali iliandikisha vizazi vyote tangu 1864, na kumbukumbu zilizopita miaka 100 ziko wazi kwa umma. Jaribuni kila tahajia, kwani jina lenye “O” mbele huweza kuandikwa bila hiyo. Mkiwapata wajukuu wa ndugu zake, waandikieni kwa upole, maana pengine hawajui kabisa kwamba wana damu yao Dodoma.