Re: Bomba limepasuka juu ya dari, bima watalipa kweli?
Pole sana ndugu. Umeuliza uanzie wapi, sebule imelowa, mfuko mtupu na unaogopa bima watakukatalia.

Funga koki kuu. Maji yakiwa yamefika kwenye taa au soketi, zima meinswichi, ila usiiguse ukiwa umesimama majini. Dari ikituna kama tumbo, weka ndoo chini, simama pembeni na utoboe tundu dogo kwa bisibisi pale iliposhuka zaidi. Usipoyatoa maji hayo, uzito wake utaangusha ubao mzima.

Piga picha kabla ya kufuta chochote, na kipande cha bomba kilichopasuka usikitupe, tafadhali! Ndicho ushahidi wako. Bima nyingi hulipa uharibifu wa ghafla, si uvujaji wa miezi; mkaguzi akiona kutu nene au madoa ya kahawia yaliyopangana kama miduara, atauliza. Bomba lenyewe mara nyingi halilipwi, hulipwa kile maji yalichoharibu.

Toa taarifa leo. Lakini usimsubiri mkaguzi ndipo ukaushe: kuvu huanza ndani ya saa 24 hadi 48, na mikataba mingi inakutaka upunguze hasara. Inua zulia, washa feni ikiwa umeme ni salama, tunza risiti zote.

Kisha soma kwenye mkataba kiasi unachobeba mwenyewe. Kama matengenezo ni 10,000 na kiasi hicho ni 8,000, utalipwa 2,000 tu, na ada ya mwakani huenda ikapanda. Hapo mimi nisingedai.